Kipa wa Laini Saba kwa Mwendo wa Pole

Nimestaafu mwezi uliopita, ikiwa kufunga mlango wa studio na kumrudishia mwenye nyumba ufunguo kunaitwa kustaafu. Nyinyi vijana mliobaki na taa zangu na stendi zangu mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukipiga picha za mwendo wa pole kabla simu zenu hazijajua kila kitu. Niliahidi kurasa mbili za ufundi. Sasa nimeketi kuandika na naona ufundi utaisha mapema, halafu itabidi niseme habari ya Barasa, ambayo nimekaa nayo miaka mingi bila kumwandikia mtu. Ya mishahara nayaruka. Haikuwa ya kumpotezea mtu wakati.

Nilianza kazi Kawangware mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa Mama Awuor. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Nilikuja Nairobi kutafuta kazi ya mjengo, nikaipata, nikaikimbia. Mama Awuor alikuwa mjane kutoka upande wa ziwa, mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya soko, na ukutani alikuwa na pazia lenye maporomoko ya maji ambayo hakuna mteja wetu aliyewahi kuyafikia. Nilipoingia kuomba kazi hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Alinipa kamera isiyo na filamu, akanionyesha kuku wa jirani.

"Mfuate na lenzi," akasema.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka mmoja wenu achoke."

Nilichoka mimi. Kuku aliendelea na shughuli zake. Mama Awuor akanichukua hivyo hivyo, akasema wale waliotangulia walikuwa wamemfukuza kuku badala ya kumfuata, na mtu wa kufukuza hafai kushika kamera. Mpaka leo sijaona shule inayofundisha hivyo, na mpaka leo naamini ndiyo iliyo sawa. Kitu kinachokimbia hakifuatwi kwa mikono, kinafuatwa kwa kiuno. Viwiko vinabana mbavu, magoti yanalegea kidogo, na mwili wote unageuka pamoja. Unaanza kumfuata mtu kabla hajaanza kukimbia, na unaendelea kumfuata akishamaliza. Ukimsubiri aanze, umeshamkosa.

Baadaye shemeji yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo alimletea kamkoda, kamera ya video. Msidhani ilikuwa mashine ya watu wa televisheni. Ilikuwa ile ya nyumbani, ya baba kupigia mtoto akizima mishumaa ya keki. Ilimeza kaseti ndogo ya ukubwa wa pakiti ya sigara, betri yake ilikufa wakati wa viapo, na kidirisha chake cha kuchungulia kilionyesha dunia nyeusi na nyeupe, ndogo kama stempu. Harusi nzima niliiona kwa stempu hiyo. Nilikuwa najua rangi ya gauni la bibi harusi siku tatu baadaye, tukishaweka kaseti.

Sasa ufundi wenyewe. Simu zenu mkizipanga kwa mwendo wa pole zinapiga picha nyingi mno kila sekunde, kisha zinazionyesha taratibu. Kamkoda yetu ilipiga picha ishirini na tano kwa sekunde, upende usipende. Kulikuwa na kitufe kimoja tu cha kutusaidia, tulikiita shata kali. Ukikibonyeza, kila picha inapigwa upesi sana, kwa hiyo hata mkono unaorushwa hauachi ukungu. Lakini shata kali hula mwanga. Bila jua la mchana picha inakuwa nyeusi kama sufuria ya githeri. Kwa hivyo nilijifunza kuwaomba watu warukeruke mapema, kabla jua halijalegea, na watu hawapendi kupangiwa saa ya kufurahi.

Mwendo wa pole hatukuupiga uwanjani. Tuliutengeneza nyumbani kwa Mama Awuor, kule Ayany, kwa sababu umeme wa Kawangware ulikuwa na tabia zake. Aliweka deki mbili za video juu ya meza ya kulia chakula, moja inacheza, nyingine inarekodi, na waya katikati. Deki ya kwanza ilikuwa na kitufe cha kupunguza mwendo. Ukikibonyeza, mistari myeupe inaanza kupita chini ya picha, na unageuza kidude cha kuisawazisha huku ukijiombea. Sauti inakatika kabisa. Deki ikienda pole haitoi hata mnong'ono, ndiyo maana kanda zetu zote za zamani zina muziki juu yake. Na deki haitengenezi picha mpya. Inachukua zile zile ishirini na tano na kuzishikilia, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu kuliko zilivyodumu. Haya niliyajua kwa vidole miaka mingi kabla sijayaelewa kichwani.

Watu walipenda sana. Wachezaji ngoma wa kwetu Ukambani, wale wanaopinduka hewani, walipojiona mara ya kwanza wakielea na miguu juu waliniomba nirudishe mpaka deki ikapata moto. Bwana harusi mmoja wa Kawangware alikataa kulipa kwa sababu mkwewe alionekana akiinua keki tatu kwa taratibu na kuzitia kwenye mkoba. Kwa macho ya kawaida hakuna aliyekuwa ameona. Tulicheka wiki nzima. Sasa nikikumbuka, naona hata pale tulikuwa tumeonyeshwa kitu na hatukukiona.

Ndipo mpira ukaja. Timu ya Laini Saba, mtaa wa kando ya reli, ilikuwa na mwenyekiti aliyeitwa Omolo, muuza mbao, mtu mkubwa wa sauti na mkarimu, ambaye alipenda timu ile kuliko alivyopenda kuonekana na akili. Alimwambia Mama Awuor apige mechi zao. Jumapili mchana, baada ya kanisa, kanda ilionyeshwa kwenye ukumbi wa video pale kando ya reli, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja iliyowekwa juu kama mtakatifu. Wachezaji walikuja na wake zao. Mechi ikicheza kawaida watu walizungumza na kula njugu. Ikifika mahali pazuri, ukumbi wote ulisema pamoja, "Weka slo," nami nikabonyeza. Beki aliyepiga mpira nje kwa woga, kwenye slo alionekana kama amepanga. Wachezaji wakaanza kushangilia wakiniangalia mimi badala ya kuangaliana.

Kipa wao alikuwa Barasa. Mtaa ulimwita Sumaku, kwa maana mpira ulikuwa unaenda kwa mikono yake kama umeitwa. Siku za kazi alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni, kwenye kibanda kimoja pale Laini Saba, na hata nyundo aliishika kama mtu anayedaka. Mimi na yeye tulikuwa rika moja. Nilipenda kumpiga picha kuliko wote, kwa sababu alikuwa mtulivu. Hakurukaruka mapema. Alitulia, kisha akaenda mara moja.

Mwaka wa fainali ninayotaka kuisema, kocha wa timu ya kampuni moja ya mjini alikuwa amemwona mara mbili. Ile ilikuwa timu ya ligi, na kipa wao alipewa kazi ya kudumu kiwandani, na nyumba ya kampuni. Kocha alimwambia Omolo kwamba fainali ikiisha atamchukua Barasa. Barasa aliniambia mwenyewe, amekaa juu ya sanduku ambalo halijapakwa rangi.

"Kioko, hii ikikubali, Nekesa atakua akilala mahali treni haipiti."

Nekesa alikuwa binti yake, wa kwanza, ndio kwanza ameanza kutambaa.

Fainali ya kombe la mitaa ilikuwa kati ya Laini Saba na Kawangware, kwenye uwanja wa vumbi karibu na reli. Nilisimama juu ya meza tuliyoazima kwa mama mmoja wa hoteli ya mandazi, ili nione juu ya vichwa. Mgeni wa heshima alichelewa kufika, na alipofika akatuhutubia kama amefika mapema. Kipindi cha pili kikaanza jua likiwa limeshaingia mawinguni. Nilijaribu shata kali, kidirisha kikawa giza. Nikaizima. Nilijua mpira ukipigwa kwa nguvu utaacha ukungu kwenye picha, lakini nilionelea afadhali ukungu kuliko giza. Uamuzi huo ningeufanya tena hata leo, na nyinyi pia mngeufanya.

Hakuna aliyefunga mpaka karibu na mwisho. Hapo mchezaji mmoja wa Kawangware akapiga kutoka mbali, mpira ukapita katikati ya msitu wa miguu, na Barasa akaanguka upande wake akiwa amechelewa. Bao. Kelele za Kawangware zilikuwa za kuziba masikio. Laini Saba walishika vichwa, refa akamaliza, na Omolo mwenyewe akamwendea Barasa akamkumbatia. Nilimsikia akisema, "Hiyo hakuna mtu angeona. Pole, kijana." Watu wakaenda nyumbani na huzuni ya kawaida ya kushindwa, ambayo huisha Jumatano.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Barasa alikuwa benchi la mbele na mkewe, mtoto mapajani. Mechi ikacheza. Lile bao lilipofika mtu akasema, "Weka slo," bila ubaya wowote, kwa mazoea tu. Nikaweka.

Sauti ikakatika. Mistari ikapita chini, nikaisawazisha. Mpira ulionekana kama alama ya kidole kwenye kioo, ukungu mweupe usio na umbo, ukija kidogo kidogo. Kitu pekee kilichokuwa wazi kwenye picha ile kilikuwa Barasa, maana yeye hakuwa anasogea. Amesimama. Mikono iko tayari, macho yako mbele. Amesimama, na amesimama. Ukungu unakaribia. Bado amesimama. Halafu, taratibu, kama mtu anayelala kwenye kitanda chake, akaenda chini, na mpira umeshapita.

"Anangoja," mtu akasema nyuma.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya pili alingoja zaidi. Najua haiwezekani, lakini muulize yeyote aliyekuwa pale. Mara ya tatu tuliona anaangalia mpira. Mara ya nne mtu akasema ameangalia kwanza upande wa mashabiki wa Kawangware, na tukaona hivyo.

Omolo akasimama. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Barasa, ulikuwa unangoja nini?"

"Mwenyekiti, sikuuona. Watu walikuwa mbele yangu."

"Sisi sote tunauona. Uko hapo."

"Nyinyi mko juu ya meza na kamera. Mimi nilikuwa chini."

"Uliuza?"

Barasa alikuwa ametazama televisheni, ambapo nilikuwa nimemsimamisha hewani nusu ya kuanguka, picha ikitetemeka. Mkewe alimwambia, "Baba Nekesa, sema kitu." Akaendelea kutazama. Halafu akamchukua mtoto wakatoka, na watu wakawapisha kwa namna ya kumpisha mtu mwenye ugonjwa. Na mimi, nisiwafiche, nilikuwa nimemwamini Omolo. Picha niliipiga mimi, kwa mkono wangu, na ilinidanganya kama ilivyowadanganya wengine.

Habari ilimfika kocha wa kampuni kabla ya wiki kwisha. Alisema hana haja na kipa wa kuuza. Pale Laini Saba watu wakipita kibandani kwa Barasa walipapasa mifuko yao na kucheka. Wazazi wakaenda kununua masanduku kwa fundi mwingine. Mwishowe akahamia Kawangware, kwa sababu dada ya mkewe alikuwa na chumba cha ziada huko. Fikiria, Kawangware, mtaa wa wale waliomfunga. Basi mtaa ukasema, si mnaona, amefuata chake.

Nilikuwa nampita sokoni, karibu na studio, nikijifanya naangalia nyanya.

Aliyeona kitu ni Mama Awuor. Omolo aliagiza nakala za kanda ile, na tulikuwa Ayany tukizitengeneza, mimi nikiwa jikoni nachemsha chai. Akaniita.

"Kioko, huyu beki namba tano, anafanya nini?"

Alikuwa amesimamisha ile picha ya bao. Nikaangalia. "Anangoja."

"Na refa?"

"Anangoja pia."

"Na huyu mama wa beseni, nyuma ya goli?"

Nikamwangalia yule mama. Amesimama, beseni kichwani, macho mbele, mpira ukija upande wake kidogo kidogo. Anangoja.

"Yawa," Mama Awuor akasema, "basi mechi hii iliuzwa na watu wengi sana."

Niliketi na kikombe mkononi. Ndipo yale niliyoyajua kwa vidole yakapanda kichwani. Tangu mpigaji alipopiga mpaka mpira kuingia, kamera ilikuwa imepata picha chache tu, nyingine zina mpira na nyingine zina ukungu. Deki ilizishika moja moja, ikazivuta. Ikampa Barasa muda ambao hakuwa nao, kisha sisi tukamuuliza alikuwa anafanya nini katika muda huo. Mtu yeyote ukimpa nafasi ya kufikiria kitu alichokifanya bila kufikiria, ataonekana amekifanya makusudi. Hata yule mkwe na keki zake, nani ajuaye.

Nilitaka kwenda kwa Omolo siku hiyo hiyo nimweleze. Mama Awuor akakataa. Alisema mwanamume ambaye ameona kwa macho yake huwezi kumtoa kwa maneno, itabidi aone tena. Basi akamwendea na kumwambia kwamba studio inataka kumpiga picha yeye, mwenyekiti, uwanjani, akiwa golini. Omolo hakuuliza kwa nini. Hakuwahi kuulizwa kama anataka kupigwa picha akasema ngoja nifikirie.

Alikuja na suti na viatu vya ngozi. Tulikwenda saa ile ile ya jioni, mimi juu ya meza ile ile, shata kali nimeizima. Tukapanga vijana mbele yake, na mshambuliaji mmoja wa Laini Saba akapiga kutoka mbali. Mipira mingi iliingia. Mmoja ulimpiga tumboni, akaushika, akafurahi kama amezaa. Jumapili tukaonyesha. Kwanza kwa mwendo wa kawaida, na watu wakacheka, wakampigia makofi mzee wao. Halafu nikaweka slo.

Omolo alikuwa amesimama golini na suti yake kama mtu anayengoja kuhudumiwa posta. Mpira unakuja, amesimama. Mpira unapita, amesimama. Hata ule alioushika, alionekana ameutazama kwa makini mpaka umfikie tumboni, kama aliyekubaliana nao. Kicheko kilianza, kisha kikafa chenyewe, benchi baada ya benchi. Watu hawa hawakuwa wajinga.

Omolo akasema, "Kumbe hata mimi nimeuza." Akaomba arudishiwe ile ya fainali, akaiangalia tena, na safari hii akamwangalia refa na yule mama wa beseni. Nitamsifu Omolo mpaka nife kwa jambo moja: hakuchukua hata siku. Kesho yake alibeba kanda zote mbili akaenda nazo mjini kwa kocha, na sijui alimwambia nini, lakini alirudi na jibu. Barasa aje Jumamosi, uwanja wa kampuni, ajaribiwe.

Omolo alinituma mimi, akisema Barasa hatataka kuuona uso wake. Kabla ya kwenda nilitaka nimpelekee kitu zaidi ya habari. Nikawatafuta watu waliokuwa wamesimama nyuma ya goli siku ya fainali, nikawauliza waliona nini kwa macho yao. Wote walinieleza vizuri sana. Alitazama mpira ukija, walisema. Alisimama. Na kila mmoja wao aliniambia kwamba uwanja wote ulinyamaza kimya.

Nilirudi Ayany nikaweka kanda ya kwanza, ile ambayo haijapunguzwa mwendo. Hakukuwa na kimya. Kulikuwa na firimbi, na debe likipigwa, na mwanamke karibu na meza yangu anatukana refa bila kupumua. Kimya kilikuwa cha deki. Watu wale walikuwa uwanjani kwa miguu yao, na walichokumbuka kilikuwa cha ukumbini. Niliogopa jioni ile, na sikujua bado nilikuwa naogopa nini.

Nilimkuta Barasa nje ya chumba chake pale Kawangware, anakunja bati.

"Niaje, Sumaku."

"Barasa," akasema. Hakuwa na hasira. Alinirekebisha tu.

Nikamweleza yote, suti ya Omolo, mpira wa tumboni, kocha. Mkewe alitoka akasimama mlangoni na mtoto kiunoni. Nilipofika kwenye habari ya Jumamosi, mkewe alifunga macho kidogo. Barasa aliendelea kunyoosha kona ya bati.

"Wamekubali sikuuza," akasema.

"Wote. Omolo atakuja mwenyewe kukuomba msamaha, ukimruhusu."

"Mwambie asijisumbue."

"Utaenda?"

Aliangalia bati. Mkewe ndiye aliyejibu. "Ataenda. Baba Nekesa, si utaenda?"

"Nitaenda," akasema.

Jumamosi tulikwenda pamoja, mimi na yeye. Kamkoda niliiacha Kawangware, na Mama Awuor alinisifu kwa hilo. Uwanja wa kampuni ulikuwa na nyasi. Kocha alikuwa mtu mwenye adabu, akamsalimia Barasa kwa mkono, akamwambia yaliyopita yamepita, akampa glavu. Barasa akaingia golini. Aliigusa milingoti yote miwili, kama alivyofanya siku zote, akasimama katikati, akatulia. Nikasema moyoni, ndiye huyu.

Kocha akapiga mpira wa kwanza mwenyewe. Haukuwa mpira mgumu. Hakukuwa na mtu mbele, na jua lilikuwa kali.

Barasa alisimama. Mikono iko tayari, macho yako mbele, na mpira ukapita kando ya bega lake. Hakuanguka hata kwa kuchelewa. Kocha akasema si kitu, mwili haujapata moto, akapiga mwingine. Akasimama. Nilikuwa naona kwa macho yangu mawili, si kwa kidirisha, kwa mwendo wa kawaida wa Mungu, na alikuwa anangoja. Mtu yeyote angeona. Kocha alipiga mingi kuliko alivyohitaji, na aliyezaliwa na roho nzuri huonekana katika mambo kama hayo, kisha akamletea maji na kumwambia asante kwa kuja.

Tulikaa pembeni ya uwanja, Barasa akivua glavu kidole kimoja kimoja. Nilitafuta la kusema nikapata lile lile.

"Hukuuza mechi. Kila mtu anajua sasa."

"Najua wanajua."

"Basi nini?"

"Mpira ukitoka, najiona kwanza. Naona yule wa kwenye TV. Nikimaliza kumwona, umepita." Akaziweka glavu kwenye nyasi, moja juu ya nyingine. "Mwanzoni nilikuwa na yangu kichwani, Kioko. Vile ilikuwa. Miguu ya watu, halafu mpira, ghafla. Nilikuwa nayo hata siku ile nikitoka kwa ukumbi. Sasa naitafuta na siipati. Yenu imerekodiwa juu yake."

Akageuka akanitazama.

"Niambie ukweli. Siku ile, nilingoja?"

"Hukungoja," nikasema.

"Uliniona?"

Nikafikiria kile kidirisha, nyeusi na nyeupe, na ukungu ukipita ndani yake. Nikajaribu kukumbuka kabla ya ukumbi, kabla ya deki, dakika ile juu ya meza, na nikamwona Barasa amesimama, mikono iko tayari, na uwanja mzima umenyamaza.